Antena ya Zizini

Usaili wangu wa kazi ya nje niliufanyia kando ya zizi la ng'ombe, kijijini kwetu Tarime, si mbali na Nyamongo, kwa sababu hapo ndipo simu ilipokamata mtandao vizuri. Ningeweza kuufanyia kazini, kwenye hoteli ya watalii karibu na lango la Ikoma la kuingilia mbugani, ambako nilikuwa fundi wa mtandao. Lakini meneja wangu angesikia, na sikutaka ajue kwamba natafuta pa kuhamia.

Cheti cha uhandisi wa mitandao nilikipata kwa jasho, na mtihani wake niliufuata hadi Mwanza. Nilidhani nikishakishika dunia itanigombania. Wapi! Kila nilikoomba nje walinijibu kwa adabu ile ile: asante, tutakutafuta. Mpaka kampuni moja ya Ireland ikasema tuonane kwenye video.

Nikamwambia baba. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza hao watu wanaotaka kunichukua watafika lini nyumbani. Nikamweleza kwamba hawaji, tutaonana kwenye kompyuta. Akauliza hiyo kompyuta itakuwa imekaa bomani kwa nani. Kwake yeye, binti haondoki na watu ambao baba hajawaona. Siku ya usaili nikamkuta amevaa koti lake la kanisani, ameketi karibu na zizi, baba zangu wadogo wawili pembeni yake, utadhani wanasubiri washenga. Mama alikuwa ameshabandika chai.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikawasihi wakae mahali ambapo kamera haitawaona. Wakasogea, ila kidogo mno.

Kwenye kioo wakatokea mwanamke wa makamo na kijana mmoja wa kiume. Waliniuliza ni tatizo gani gumu nililowahi kulitatua, nami nikawasimulia habari za tembo. Pale hotelini mtandao ulikuwa ukikatika kila jioni, na watu wakalaumu mvua, wakalaumu mitambo, wakanilaumu na mimi. Kumbe tembo mmoja alikuwa akija kujikuna kwenye mlingoti wetu, antena inageuka na kutazama porini. Nikazungushia mawe yenye ncha kali pale chini, naye akaenda kutafuta mti wake. Yule mwanamke alicheka hadi akavua miwani, na moyo wangu ukatulia.

Hapo ng'ombe akalia, baba mdogo mmoja akamkemea kwa Kikurya, na yule kijana akauliza kama niko na mtu. Ningemkanaje baba yangu akiwa na koti lake la kanisani? Nikageuza kompyuta.

Baba alikaa wima, kimya, akiwatazama. Wao walitabasamu wakisubiri aseme neno. Yeye alikuwa anasubiri aamkiwe, maana kwake mkubwa haanzi kumsalimu mdogo, hata kama mdogo huyo ana kampuni. Kimya kilirefuka hadi nikaiona Ireland yote inaniponyoka. Nikawaeleza kwa Kiingereza kwamba wao ndio wanaopaswa kuanza, na neno lenyewe ni shikamoo. Wakatazamana, kisha wakalitamka wote wawili, vibaya kabisa, lakini wakalitamka.

"Marahaba," baba akaitikia, uso ukamfunguka. Akanitaka nitafsiri swali moja tu. "Nikimhitaji huyu binti yangu, nitampataje?"

Yule mwanamke alifikiri kidogo. "Mwambie hiyo ndiyo kazi tunayotaka kukupa," akasema. "Ukishindwa kuunganisha kwenu, hutatufaa sisi."

Nikatafsiri. Baba akawatazama wadogo zake, nao wakaitikia kwa vichwa. Kazi nikaipata.

Kabla ya kuondoka nilifunga antena kwenye nguzo ya zizi, nikaiwekea sola na betri, nikavuta mtandao hadi sebuleni. Nikaiunganisha pia na simu yangu, ili ikizimika tu nipate kengele, kama tunavyoilinda mitambo ya wateja.

Huku Ireland mvua hainyeshi sana, inanyunyiza tu bila kuchoka, na watu ni wacheshi. Kazi naipenda. Antena ya zizini ndiyo iliyonipa shida: ilizimika mara kwa mara, hasa Jumapili mchana. Kengele ikilia, napiga simu mbio. "Shikamoo, Tata." Marahaba. Baba ataniuliza kama nakula, kama baridi imepungua, kama wale watu wanakaa na mimi vizuri. Tukimaliza, haipiti muda antena inarudi hewani yenyewe. Nilituma fundi kutoka Tarime mjini akabadilisha betri. Akaniambia hata ile ya zamani ilikuwa nzima.

Nikamuuliza mama. Alicheka hadi akakohoa.

"Baba yako ndiye anayeichomoa," akasema. "Anasema akiichomoa tu, unamwamkia."

Simu anayo, na vocha huwa namtumia. Lakini mkubwa haanzi. Nililia kidogo, nikacheka, na sikumwambia kwamba nimejua.

Jumapili iliyopita kengele ililia nikiwa nasonga ugali. Niliusonga hadi ukaiva, nikanawa mikono, nikaketi vizuri, ndipo nikapiga.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba," akasema. "Leo umechelewa."