Nilivyopindisha maneno ya mjumbe wa Rugerero kwenye kamati ya soko, Gisenyi miaka ya hamsini

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nina umri wa karibu miaka tisini, naandika kwa kidole kimoja na miwani imefungwa uzi, kwa hiyo mnivumilie. Nitakachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe. Kwa umri huu sina wa kumfurahisha kwa uongo.

Nilizaliwa Gisenyi, mji wa ziwani unaopakana na Goma, kwenye familia ya Kiislamu ya mjini, wauza vitambaa. Baadaye niliishi Tanzania miaka mingi, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Wazazi walifariki mapema, nikalelewa na shangazi yangu Mwajuma, ambaye alikuwa anakausha samaki kwa moshi pale ufukweni na kuwauza.

Nilijua Kifaransa kwa sababu mwalimu mmoja alinipenda. Nikapata kazi ya ukarani na ukalimani kwenye baraza la territoire, yaani wilaya. Kijana wa mjini, shati jeupe, kalamu mfukoni. Nilijiona nimefika.

Kwa wasiojua mambo ya wakati ule: Wabelgiji walikuwa wameanzisha mabaraza. Machifu, masous-chef yaani machifu wadogo, na raia wachache wanaoheshimika walikaa humo kutoa ushauri. Uamuzi ulibaki kwa Mzungu, lakini angalau ulichosema kiliandikwa.

Mmoja wa hao raia aliitwa mzee Karoli, mkulima wa kahawa wa Rugerero, nje ya mji, aliyewahi kuwa katekista. Mrefu, mkavu, koti moja la kaki.

Huyu mzee watu wa mjini hatukumpenda sana, niseme ukweli. Alitaka pombe ya ndizi isiuzwe siku ya soko, na wengi walikula kwa pombe ile.

Lakini huyo huyo alikuwa amekaa kwenye kamati ya shule na kudai watoto wa Kiislamu wapokelewe bila kulazimishwa kubatizwa. Yeye Mkatoliki! Alitaka wasichana wa Rugerero wapate darasa lao. Alipinga watu kuchapwa fimbo kwa kuchelewa kazi za barabara. Kila kikao alirudia yale yale, kwa sauti ile ile, mpaka machifu wengine wakawa wanaangalia dari.

Basi, akawekwa kwenye kamati ya masoko na usafi. Mimi nikawa mkalimani wake.

Siku moja likaja pendekezo. Wanawake wanaokausha samaki waondolewe ufukweni, kwa sababu moshi na harufu vinawasumbua wageni wa hoteli. Wapelekwe juu huko, mbali na maji.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Nikawa nimekaa pale na penseli.

Mwenyekiti alikuwa Mbelgiji, msaidizi wa administrator wa wilaya. Jina lake naliacha. Wiki ile ile alikuwa amemfukuza karani mwenzangu mbele yetu sote, kwa kosa dogo tu la barua. Siku hiyo alikuwa anaangalia saa kila dakika.

Mzee Karoli akasimama, akasema kwa Kinyarwanda, taratibu:

"Mwambie sikubali. Wanawake hawa walikuwa pale kabla ya hoteli. Samaki hawabebwi kupandishwa mlima na kushushwa tena. Akiandika jina langu, aandike kwamba nimekataa."

Mbelgiji akanigeukia.

Wakuu, nilijua kila neno la kusema. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikaona uso wa yule bwana, nikamkumbuka mwenzangu akitoka na kofia mkononi. Nikasema kwa Kifaransa kwamba mjumbe anaomba wanawake wapewe muda wa kutosha.

"Bon," akasema Mbelgiji. "Kwa hiyo anakubali?"

Nikajibu, "Oui, monsieur."

Ni hivyo tu. Maneno mawili.

Kulikuwa na sous-chef mmoja anayejua Kifaransa vizuri kunizidi. Aliniangalia, akatabasamu kidogo, akakaa kimya. Pendekezo lilikuwa linamfaa. Mzee Karoli alikaa chini akidhani amekataa.

Wiki mbili baadaye likabandikwa tangazo sokoni. Wanawake wahame ndani ya mwezi mmoja, kwa makubaliano ya wajumbe wote wa kamati, na majina yao chini. La mzee Karoli lilikuwa la tatu. Niliichapa karatasi ile kwa mikono yangu mimi.

Shangazi akarudi nyumbani, akatupa kapu chini.

"Ule muzee wa Rugerero ametuuza! Mutu wa sala namna ile!"

Nilikuwa nakula. Niliinamia sahani.

Kuanzia hapo sikutulia tena. Siku hizi mnaita stress. Nilikuwa siwezi kukaa kwenye kiti dakika kumi. Nachapa mstari, nasimama, naenda dirishani, narudi, nafuta. Saa ya mapumziko natembea mpaka mtaa wa Nengo, juu kule, bila shughuli yoyote, nageuka, nashuka ziwani, nikiona moshi wa kina shangazi napita njia nyingine. Jumapili moja nilitembea mpaka mpakani na kurudi mara mbili. Askari akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Huku mzee wa watu anateseka. Mke wake akija sokoni na maharage, wanawake wa samaki wanamzomea. Mmoja alimwaga maji ya samaki miguuni pa mzee mwenyewe, mbele za watu. Yeye akawa anasema, "Mi nilikataa! Nilikataa!" Nani angemwamini, wakati karatasi ipo ukutani?

Akaja ofisini, akavua kofia. Akanivulia mimi kofia, wakuu.

"Karani, nisomee kile waliandika siku ile."

Nikamwambia faili iko kwa bwana mkubwa, imefungiwa. Ilikuwa kwenye droo yangu, goti langu linaigusa.

Uongo wa pili ndio ulionishinda.

Jumapili iliyofuata nikaenda Rugerero kwa miguu. Nilimkuta anapalilia kahawa na koti lake limetundikwa kwenye tawi. Nikamweleza yote nimesimama.

Nilipomaliza akauliza, "Nani alikupa kitu?"

"Hakuna, mzee. Niliogopa."

"Heri ungekula kitu yao. Ningejua mahali pa kukushika."

Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akanishika shati kwenye bega, akanisimamisha, na hakuwa mpole.

"Usinipigie magoti hapa kwenye kahawa, kwenye hakuna mutu anaona. Kikao iko Alhamisi. Utasemea mule mule ulisemea ile ya kwanza. Sasa enda."

Akarudi kupalilia. Hakunipa hata maji.

Siku nne zile sijui niliziishi vipi. Mara mbili niliandika barua ya kuacha kazi ili nikimbilie Goma, mara mbili nikaichana.

Alhamisi ikafika. Kila kikao kilianza kwa kusoma minutes za kikao kilichopita ili zithibitishwe, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Nilipofika kwenye jina la mzee Karoli nikasimama.

Nikasema kwa Kifaransa, "Monsieur, hapa nilitafsiri vibaya. Mjumbe huyu alikataa. Alitaka iandikwe kwamba amekataa."



"Nani amekuomba maoni yako?" akauliza Mbelgiji.

Nikamtafsiria mzee swali lile. Akasimama na koti lake la kaki.

"Mwambie ni mimi. Na leo utafsiri yote."

Nikatafsiri yote, neno kwa neno, na yale ya hoteli pia. Mbelgiji akamgeukia sous-chef, akamuuliza alisikia nini siku ile. Sous-chef akajibu kwamba hakumbuki, nami nikawatafsiria wajumbe wengine. Hapo chifu mmoja mzee, ambaye Kifaransa hajui kabisa, akasema kwa Kinyarwanda, "Mimi nakumbuka. Karoli alikataa, hata nilichoka kumsikiliza." Nikatafsiri na hilo.

Tangazo halikuweza tena kusema wajumbe wote. Suala likarudishwa kujadiliwa upya. Na mimi, mchana ule ule, nikakabidhi funguo za ofisi, kazi ikaishia hapo.

Nyumbani nilimwambia shangazi kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa anageuza samaki, akaendelea kuwageuza mpaka nikamaliza.

"Na we ulikuwa unakula ugali yangu siku zote hizi?"



Kesho yake alinitangulia ufukweni, mimi nyuma. Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Alinisimamisha mbele ya kila mmoja nikaeleza upya tangu mwanzo, na yeye amesimama pembeni amekunja mikono. Wa mwisho, yule aliyemwaga maji, alianza kulia. Akajifunga kitenge akaenda Rugerero siku hiyo hiyo kumtafuta mzee.

Mwisho wake haukuwa ushindi mkubwa. Baada ya miezi kadhaa wanawake walisogezwa, lakini wakabaki ufukweni, mbali kidogo na hoteli. Mzee Karoli akadai mabati ya kuwaezekea hadi wakapewa. Baraza lilipopangwa upya jina lake halikuwemo. Mimi nikajifunza cherehani kwa mjomba, na ufundi huo ndio ulionilisha mpaka uzeeni.

Mzee hakuwahi kuniambia amenisamehe. Tukikutana alinisalimia, akauliza habari za shangazi, akaendelea na njia yake. Nadhani alikuwa na haki hiyo.

Nilichojifunza, wakuu: siku ile sikutunga jambo kubwa. Nililainisha tu neno gumu ili yule bwana asikasirike, na kulainisha huko kukamgeuza mtu msafi kuwa msaliti mbele ya mji mzima. Ukipewa kazi ya kubeba maneno ya mtu, yafikishe na miiba yake.

Mliowahi kuandika minutes au kutafsiri kwenye vikao, mmewahi kuandika "wote walikubali" wakati kuna mmoja alikataa? Mlifanya nini baadaye? Andikeni hapa chini, nitasoma yote, ingawa kujibu nitachelewa.