Kitambaa Kisichofungwa

Mgeni aliyefika Shituru akasalimiwa na Étienne Kasweka kwa mkono wa kushoto alikuwa na haki ya kununa. Wenyeji hawakununa. Walijua kwamba mkono wa kulia wa askari huyo haukupanda juu ya kifua tangu mwaka ule wa vita. Walijua pia ulikoharibikia: kwenye uwanja wa shule, akiwa amesimama wima ilhali kila mtu mwingine amelala chini.

Alizaliwa Kakontwe, kwenye kambi ya wachimbaji wa mawe ya chokaa, ambako vumbi lilikuwa jeupe hata kwenye kope za watoto. Baba yake alikuwa msaidizi wa fundi wa baruti. Kila siku, kabla ya chakula cha mchana, honi ya machimbo ililia, na kambi nzima ikajua la kufanya: wanawake waliepua sufuria, watoto wakakimbilia mferejini na kulala kifudifudi, mikono juu ya kisogo. Kisha ardhi ikatikisika, mawe yakanyesha mahali fulani mbali, na watu wakainuka wakijikung'uta. Mlipuko ndio uliokuwa ruhusa. Mtoto wa Kakontwe hakuogopa mlipuko. Aliogopa kimya kilichoutangulia.

Siku nyingine baruti ililala. Honi ililia, watu wakajificha, na mlipuko usije. Hapo baba yake Étienne alipanda juu ya rundo la mawe akainua kitambaa chekundu, na hakuna aliyethubutu kunyanyua kichwa hadi kishuke. Kilishikwa kwa mkono. Zamani kiliwahi kufungwa kwenye mti, msimamizi akakisahau hadi kesho yake, na tangu hapo kambi ikadharau kitambaa cha kufungwa. Mti unaweza kusahaulika na kitambaa chake. Mtu aliyesimama peke yake mahali ambapo mawe yanaweza kumwangukia hasahauliki, wala yeye hasahau.

Étienne hakuwa mtu wa baruti. Alikwenda polisi, akaoa, akapewa nyumba Shituru karibu na reli, mahali ambapo moshi wa kiwanda cha shaba ulikausha mboga za majani bustanini. Jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo mwaka 1960, mji wao uliandikwa Jadotville kwenye bahasha na kuitwa Likasi midomoni, kama ilivyokuwa siku zote. Mwaka uliofuata ukaja waraka kutoka Elisabethville, makao ya serikali hiyo mpya, juu ya usalama wa shule. Kila shule ipangiwe askari mmoja anayejulikana na watoto. Askari na mkuu wa shule wakutane kila Jumatatu. Wakubaliane ishara ya hatari. Bunduki isivuke lango, hata ya askari mwenyewe. Na hatari ikitangazwa, lango lisifunguliwe kwa mzazi yeyote mpaka polisi waseme kwamba njia ni salama.

Étienne alipangiwa shule iliyokuwa upande wa barabara ya Kakontwe. Mkuu wake, Ambroise, alikuwa mtu mrefu mwenye kikohozi, aliyepanda cheo ghafla baada ya mkuu Mzungu kurudi kwao. Jumatatu ya kwanza walikaa ofisini wakitazamana kama wachumba waliochaguliwa na wazazi.

"Bon," alisema Ambroise. "Minye najua kufundisha hesabu. Mambo ya bunduki ni yako, Ba Étienne."

"Bunduki iko inabakia kwa mulango. Waraka unasema vile."

"Basi weye uko unakuja na nini?"

"Na kofia."

Ambroise alicheka mpaka akakohoa, na kuanzia siku hiyo mikutano ya Jumatatu haikuwa mizigo tena.

Ishara ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia penye veranda. Kikigongwa bila kupumzika, watoto wakimbilie mfereji wa maji ya mvua nyuma ya madarasa; mwishoni mwa kiangazi ulikuwa mkavu, wenye vumbi jekundu. Étienne aliwafundisha mwenyewe, darasa baada ya darasa, bila karatasi. Aliwafundisha alivyofundishwa yeye. Kimbia. Lala. Mikono kisogoni. Tulia mpaka usikie mlipuko, ndipo uinuke, ujikung'ute.

Hakuna aliyeona kosa. Nusu ya watoto walikuwa wa Kakontwe, na kwao hayo yalikuwa mambo ya kila siku. Wa Shituru na Kamatanda, watoto wa mjini, waliwaiga.

Siku ya jaribio, Ambroise aligonga reli karibu na adhuhuri. Watu wakatoweka uwanjani. Étienne alisimama langoni akijisifu moyoni. Hata watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamelala kama mihogo iliyoanikwa. Ndipo machimbo ya Kakontwe, ambayo hayakujua lolote kuhusu jaribio hilo, yakalipua mawe yao ya kila siku. Mngurumo ukapita juu ya mabati.

Watoto wote wakainuka. Wakajikung'uta, wakapanga mstari, wakaelekea langoni kwenda kula. Mbele yao alikuwa Simone, binti wa Bibiane, ameshika mkono wa mwenzake mdogo.

Bibiane mwenyewe alikuwa nje ya lango na beseni la maharagwe. Yeye na Étienne walilala mfereji mmoja utotoni, na hakumwogopa kwa sababu ya kofia.

"Tazama askari wetu," alisema. "Amefundisha batoto kwenda kula wakati ya vita."

"Nyamaza, Bibiane."

"Minye nanyamaza. Lakini weye, tata, nani alikuambia bombe ya vita inalia mara moja?"

Alitaka kuendelea kumtania, akauona uso wake, akaacha. Ambroise alikuwa amefika, nyundo bado mkononi. Akawapisha watoto.

Étienne alikaa kwenye jiwe la lango. Siku ya vita angekuwa amewatuma watoto wale barabarani kwa mdomo wake mwenyewe, baada ya kombora la kwanza na kabla ya la pili. Hayo ndiyo aliyoyaona pale, waziwazi kama mtu aonavyo uso wake ndani ya ndoo ya maji.

"Tutabaambia tena," alisema Ambroise. "Kesho asubuhi. Mlipuko ukilia, mubakie chini."

"Ba Directeur, ba Kakontwe hawataweza. Ukiwaambia, watakuitikia ndiyo. Halafu mlipuko utalia na mwili utainuka peke yake. Minye mwenyewe mwili yangu inainuka mpaka leo, nikiwa kitandani."

"Basi tufanye nini?"

Bibiane alitua beseni. "Kitambala," alisema.

Ambroise hakuelewa; wakamweleza wote wawili, wakikatizana. Alipoelewa, swali lake la kwanza lilikuwa la mtu mwema: "Na mwenye kukishika, atalala wapi?"

"Halali," alisema Étienne.

Komisera wa polisi hakulipenda jambo hilo. Alikuwa Mzungu mwembamba aliyependa mipango yenye mihuri, na mpango wa shule ile ulikuwa umekwisha kupigwa muhuri. Askari kusimama wazi uwanjani wakati wa mashambulizi, bila bunduki, ameshika kitambaa? Akifunge kwenye mlingoti. Étienne alieleza kwamba cha kufungwa hawatakitii. Komisera akasema ataandika kwamba ameambiwa. Hakukataza.

Mke wa Ambroise alikata kitambaa kutoka kwenye pazia jekundu. Kwa siku chache zilizofuata Étienne alikionyesha kila darasa. Watoto wa Kakontwe walikitambua kabla hajafungua mdomo. Wa mjini aliwaambia jambo moja tu: watazameni hao.

Septemba ya mwaka huo vita kati ya Katanga na majeshi ya Umoja wa Mataifa vikasogea. Ndege zilipita, malori yakapita, na asubuhi moja sauti nzito zikaanza upande wa nje ya mji. Ambroise aligonga reli. Étienne alitundika bunduki yake kwenye kibanda cha langoni, akafunga lango, akavuka uwanja mbio huku akihesabu migongo ya watoto kwa macho tu, bila namba. Wote walikuwa chini. Mwalimu wa mwisho alijitupa mferejini na daftari zake.

Kombora la kwanza lilianguka ng'ambo ya reli. Nani alilirusha, watu wa Shituru walibishana miaka na hawakumaliza. Mabati yalilia, vumbi likapanda, na mgongo wa Simone ukainuka. Nyuma yake ikainuka safu nzima, kama majani baada ya upepo kupita.

Étienne alikuwa tayari amesimama kwenye ukingo wa mfereji, mkono wa kulia juu hadi kiwiko kikakaza.

Simone aliona wekundu. Goti lake lilikuwa limeshakanyaga ukingo. Akarudi chini, akamvuta mwenzake kwa gauni, na safu ikarudi, wa Kakontwe kwanza, halafu wa mjini waliokuwa wakiwatazama.

Kombora la pili lilianguka barabarani, mbele ya lango, mahali penyewe wanapopanga mstari siku za kawaida. Étienne alihisi mtu amempiga begani kwa fimbo. Aligeuka kumtazama, hapakuwa na mtu. Mkono ulikuwa unashuka wenyewe. Kabla haujashuka alipeleka wa kushoto juu, akakidaka kitambaa kwenye ncha, na kitambaa kikabaki pale pale.

Ambroise alitambaa mpaka miguuni pake.

"Lala chini, yaya, kaka yangu. Unatoka damu. Leta, minye nashika."

"Ukikipokea, kitashuka kwanza."

"Muntu atakufa kwa kitambala?"

"Lala, Ba Directeur. Batoto banakuangalia."

Ambroise akalala. Alilala hapo hapo, amemshika Étienne kifundo cha mguu kwa mikono miwili, kana kwamba anashikilia ngazi.

Sauti nyingine zilifuata, mbali zaidi, halafu kimya. Kimya ndicho kilichokuwa kigumu. Kule machimboni palikuwa na msimamizi aliyekwenda kuitazama baruti iliyolala, akarudi na kusema basi. Hapa palikuwa na ahadi tu: kituo kitamtuma Firmin, askari wa baiskeli, alete habari kwamba njia ni salama. Firmin hakuonekana. Jua lilipanda. Mtoto mmoja alilia polepole, akabembelezwa. Étienne aliyatoa macho yake kwenye bega na kuyaweka kwenye lango, na hapo akaona jambo aliloliogopa kuliko makombora. Akina mama walikuwa wanakuja, wengi, mbio, bila viatu. Lango lile lisingewazuia.

Bibiane alikuwa mbele. Alishika nondo za lango, akatazama ndani akimtafuta Simone, na jicho lake likakutana na kitambaa. Akasimama. Halafu akaachia nondo, akalala kifudifudi kwenye vumbi la barabara, kando ya shimo lililokuwa bado linatoa moshi, mikono kisogoni. Wanawake wa Kakontwe walilala nyuma yake. Wale wengine walisita, wakaona hakuna aliyebaki wima ila askari mmoja, wakalala nao.

Firmin alifika akisukuma baiskeli yenye tairi moja lisilo na upepo. Alivuka kati ya migongo ya wanawake asijue pa kukanyaga.

"Imeisha huku," alisema langoni. "Banaenda zao upande ya daraja. Komisera anasema unaweza kufungua."

"Sema tena."

"Imeisha, Ba Étienne."

Ndipo akashusha kitambaa. Watoto wakainuka wakajikung'uta. Mmoja akauliza kama watakula. Étienne alikaa chini taratibu, na Ambroise, aliyekuwa bado ameshika kifundo chake, akaanza kulia bila sauti.

Hospitali iliuokoa mkono, haikuuinua. Januari ya 1963 ile nchi iliyotoa waraka ikaisha, bendera ikashuka, na maofisa waliopiga mihuri wakaenda walikokwenda. Hakuna aliyemwambia Étienne na Ambroise waache kukutana siku za Jumatatu, nao hawakuuliza. Katika mpango wao waliandika sentensi moja ya ziada, kwa mkono wa Ambroise: kitambaa kishikwe na mtu, kisifungwe. Bunduki iliendelea kubaki langoni.

Étienne alistaafu akiwa na mvi. Askari mpya, kijana wa Kamatanda aitwaye Symphorien, alitaka kukipokea kitambaa ofisini, kikiwa kimekunjwa. Étienne alikataa. Aliwaita watoto uwanjani, akakiinua kwa mkono wa kushoto, na mfereji ukajaa. Symphorien akaja akasimama ubavuni pake, akainua mkono wake, akashika ncha ya pili. Wakakaa hivyo kwa muda, mikono miwili juu, kitambaa kimoja.

"Umeshika?" aliuliza Étienne.

"Nimeshika, tata."

"Angalia batoto, usiniangalie minye."

Akaachia. Kitambaa hakikushuka hata kidogo. Kisha yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi katika shule ile, akapiga magoti penye ukingo, akaingia mferejini, akalala kifudifudi miongoni mwa watoto.