Mwigizaji aliyefariki, TV isiyo na sauti, na maneno ambayo hakuyasema

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nitaeleza jambo lililonipata mwezi huu, kama lilivyokuwa. Mahali ambapo kumbukumbu imefifia nitasema imefifia.

Kuna mwigizaji wa kike wa ng'ambo amefariki akiwa mzee sana. Mnaopenda vipindi vya zamani vya anga na sayansi mtakuwa mmeshasikia. Jina lake sitaliandika, kisa kinaeleweka bila hilo.

Alitokea mara moja tu katika kipindi kimoja cha chombo kinachosafiri kati ya nyota. Mgeni wa wiki moja. Aliigiza mlinzi wa taa kwenye mwezi usio na watu, kazi yake kuvionyesha njia vyombo vinavyopita. Mwishoni anamkabidhi rubani kijana kisanduku bapa, anamwambia maneno machache, kisha chombo kinaondoka na yeye anabaki.

Maneno hayo machache ndiyo yaliyonifanya fundi wa redio na TV.

Nilikitazama Sondu, soko lililo mpakani mwa Wajaluo na Wakipsigis, nyumbani kwa Mama Dorsila, fundi cherehani wa pale sokoni. Alikuwa na TV ndogo nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari. Jumapili alasiri, baada ya kanisa, majirani tulijaa kwake.

TV hiyo haikuwa na sauti. Spika ilikuwa imekufa zamani. Mama Dorsila alisimama kando yake, futi ya kupimia nguo shingoni, akatutafsiria kila kinachosemwa. Kwanza kwa Dholuo, yaani Kijaluo, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya majirani Wakipsigis.

Mzee Bii, muuza ng'ombe, hakuacha kumchokoza.

"Mama, mbona Kijaluo ni kirefu na Kiswahili ni kifupi? Unatuficha nini?"

"Kijaluo kina heshima, Mzee. Kiswahili ni cha kununua chumvi. Nyamaza, nahodha anaongea."

Hakuna aliyeuliza anasikiaje. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwa Wazungu wa mashamba ya chai huko Kericho, basi tukaona hilo linatosha.

Wiki kilipoonyeshwa kipindi kile, mimi nilikuwa nimepata matokeo ya kidato cha nne. Nilikuwa nimefeli. Sikufeli kidogo, nilifeli vizuri kabisa, na soko zima lilijua. Nilikaa ukutani nikiangalia viatu vyangu.

Ikafika sehemu ya kisanduku. Mama Dorsila akasema, kwa niaba ya yule mwanamke: "Chukua hiki kitabu. Hakitakuuliza ulipata alama ngapi. Anza ukurasa wa kwanza."

Niliinua kichwa.

Jumatatu nilimwomba mwalimu mmoja kitabu chake cha redio, kilichochakaa, hakina jalada. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Wa pili nilikaa nao karibu wiki nzima. Leo nina karakana Kondele, hapa Kisumu, nimekula na kusomesha kwa kazi hiyo, na juu ya meza yangu kuna kibao: ANZA UKURASA WA KWANZA. Wateja huniuliza ni Zaburi ya ngapi.

(Kando kidogo: nilipojua kazi, TV ya kwanza niliyojitolea kutengeneza ilikuwa ile ile ya Mama Dorsila. Alikataa katakata. "Ukiirudishia sauti, mimi nitafanya kazi gani Jumapili?" Nilicheka, nikarudisha bisibisi mfukoni.)

Sasa tuje mwezi huu.

Kifo kilipotangazwa, nilijiunga na kundi moja la mashabiki mtandaoni. Watu wa nchi nyingi walikuwa wakimshukuru. Mmoja alishukuru kwa macho yake, mwingine kwa jinsi alivyotembea kama mtu aliyesahau jinsi ya kuishi na wenzake. Nami nikaandika kisa changu, pamoja na yale maneno.

Baada ya saa moja nilijibiwa na mama mmoja mstaafu, mtu mpole sana. Aliandika kwamba amekitazama kipindi kile mara nyingi, na hakuna maneno kama hayo. Tena hakuna kitabu. Akaniwekea video.

Niliitazama mara nne nikiwa na daftari. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Kisanduku kile ni betri, wakuu. Ni betri ya taa yake mwenyewe. Anamwambia kijana kwamba inatosha kuwafikisha kwao, na kwamba wasirudi kumchukua. Chombo kinapoondoka, nyuma yake taa inazimika.

Sisi tuliokuwa tukitazama kwa betri ya gari, tuliokuwa tukiibeba hadi kwenye kinu cha kusagia unga ikachajiwe, hatukujua kwamba kile kilikuwa betri.

Nilikaa chini ya kibao changu siku mbili bila kufanya kazi ya maana. Nilikuwa nimewarudia wanagenzi wangu wote maneno ambayo mwigizaji mwenyewe hakuyasema. Kama Mama Dorsila alikosea tu kutafsiri, basi maisha yangu yalisimama juu ya kosa. Na kama nikienda kumuuliza, nitakuwa namwita mama wa umri ule mwongo, nyumbani kwake.

Siku ya tatu nilienda. Siku hizi anakaa Pap Onditi, kwa mwanawe. Miguu inamsumbua, lakini ulimi ni ule ule.

Tuliongea Dholuo. Mara hii mkalimani ni mimi, na nimejitahidi nisiongeze kitu.

"Ouma! Umenenepa. Nani anakupikia?"

"Mke wangu, Mama."

"Mwambie apunguze. Sema kilichokuleta, huji hapa bure."

Nikampa simu, nikamwekea ile sehemu. Aliisikiliza yote bila kupepesa.

"Kumbe sauti yake ni nyembamba hivi," akasema. "Mimi nilimpa nzito."

"Mama, hapo hasemi habari ya kitabu."

"Nasikia. Ni betri."

"Wewe ulituambia kitabu."

"Ningejuaje ni betri? Ouma, ile TV ilikuwa bubu! Hata Kiingereza chenyewe, kule Kericho nilijifunza cha jikoni tu. Mtu wa nyota aongee habari ya sufuria?" Akacheka hadi akashika mbavu. "Nilikuwa naangalia mikono na nyuso. Mengine najaza."

Nadhani aliona uso wangu, maana kusoma nyuso ndiyo kazi yake.

"Sikiliza. Yule kijana kwenye TV alikuwa ameinamisha kichwa. Nikageuka, na wewe ukutani umeinamisha kichwa. Ningekuita mbele ya watu, ungeaibika zaidi. Basi nikampa huyo mwanamke akuambie. Alikuwa na uso mzuri wa kumwambia mtu kitu."

"Kwa hiyo yalikuwa yangu?"

"Ya nani mwingine? Mzee Bii angefanya nini na kitabu?"

Wakuu, miaka yote hiyo nilidhani nilisikia kwa bahati maneno ambayo mtu mwingine alikuwa akimwambia mtu mwingine.

Nikamwambia asante. Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Kisha akairudia ile picha kwenye simu, pale mwanamke anapobaki peke yake.

"Na huyu yuko wapi sasa?"

"Amefariki, Mama. Ndiyo sababu watu wanamkumbuka."

Akaishika simu kwa mikono miwili. Hakucheka tena.

"Pole yake," akasema. "Tulifanya kazi pamoja."

Nimerudi Kisumu. Kwenye lile kundi nimeandika marekebisho, kwa sababu kumbukumbu za watu zinastahili kuwa sahihi: mwigizaji hakusema maneno yale. Aliyeyasema ni Dorsila, fundi cherehani wa Sondu. Uso ni wa mmoja, sauti ni ya mwingine. Yule mama mstaafu ameniomba nimwandikie maneno hayo kwa Dholuo, nami nimemwandikia.

Kibao sikukishusha. Nimeongeza tu, chini, kwa herufi ndogo, majina mawili: la mwigizaji na la Dorsila.

Nililojifunza ni kwamba kabla ya kusahihisha kumbukumbu yako, muulize aliyekuwa amesimama kando ya TV.

Kama na ninyi mlitazama kwa mkalimani wa nyumbani, andikeni hapa chini alikuwa nani na aliwaambia nini. Kama bado yuko hai, mpigieni simu kwanza, ndipo mje ku-comment. Nitasoma zote.