Faili la Dereva wa Gari Namba Saba

Shangazi yangu hakai. Ukimpa kiti, anakining'inizia mkoba wake na kuendelea kusimama. Chai yake hupoa dirishani, chakula anakula mlangoni, mguu ndani mguu nje, simu imebanwa begani. Wateja wangu wa saluni wamempa jina la Bi Faili, naye halikatai. Mimi ni mtoto wa kaka yake, na saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Kwa hiyo nikimsema, nina haki zote mbili: namjua, na nimechoka naye.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masijala katika karakana ya magari ya serikali. Alipostaafu tulimsihi apumzike. Akapumzika Jumamosi na Jumapili. Jumatatu alikuwa ameshajiandikisha katika chama kidogo kinachosaidia watu waliofanya kazi na wanajeshi wetu kule vitani, wenyeji wa nchi ile: wakalimani, wapishi, walinzi, madereva. Jeshi letu lilipofunga virago na kurudi nyumbani, watu hao waliachwa kwenye mataa, na walioshika nchi wakaanza kuwasaka nyumba kwa nyumba. Serikali yetu ilikuwa imeahidi kuwapokea. Ahadi ilitolewa kwa mdomo, lakini kuja huku kunataka karatasi.

Chama kilikuwa na chumba kimoja, meza mbili na watu wanne. Shangazi akaona hapamtoshi kutembea. Akahamishia mafaili yake saluni kwangu, juu ya meza niliyokuwa nawekea rola na vitana. Tangu siku hiyo mteja anakaushwa nywele huku anasikiliza habari za viza, na mwingine anaondoka na kucha zimechafuka kwa sababu ameombwa ashikilie cheti cha mtu kipigwe picha. Ajabu ni kwamba hakuna aliyenihama. Nadhani walikuwa wanakuja kujua imefikia wapi.

Faili lililomnyima Shangazi raha lilikuwa la dereva mmoja. Alikuwa amejificha katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mama mkwe wake, yeye, mkewe na watoto watatu, na kwa miezi mitano hakuwa amekanyaga nje. Binti mkubwa alikuwa na miaka ishirini. Waliomfuata walikuwa wavulana wawili wa shule ya msingi. Wote watano walikuwa kwenye ombi moja, maana kwa sheria yetu mtoto ambaye hajatimiza miaka ishirini na mmoja huingia kwenye faili la baba yake. Na ombi lilikuwa limekataliwa. Jibu lenyewe mstari mmoja tu: hakuna kumbukumbu ya mfanyakazi mwenye jina hili.

Shangazi akampigia simu. Aliiweka kwenye spika kama kawaida yake, kwa hiyo sote tulisikia.

"Hawakujui vipi, na umewaendesha miaka sita?"

"Mama, kule kambini mimi nilikuwa Saba." Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini sana. "Gari langu namba saba, basi na mimi Saba. Mwenyewe niliomba hivyo. Jina langu lisitajwe kwenye redio, maana maadui walikuwa wanasikiliza. Hata kwenye daftari la getini niliandikwa Saba."

"Na mkubwa wako?"

"Afande? Ananijua kwa Saba hivyo hivyo. Tena tulipatana mno."

Afande alikuwa amestaafu. Tulimpata baada ya simu kumi na nne. Akasema Saba anamkumbuka vizuri, kijana mwaminifu, lakini hawezi kula kiapo kwa jina asilolijua. Nilitaka kumnyang'anya Shangazi simu nimpe yule mzee vidonge vyake. Mtu amekupitisha kwenye barabara za mabomu miaka sita, na hukuwahi kumuuliza jina alilopewa na baba yake! Shangazi alimshukuru kwa adabu, akakata simu, akaanza kutembea.

Alitembea siku tatu. Kutoka mlangoni hadi kwenye sinki, kutoka kwenye sinki hadi dirishani, anawakanyaga wateja vidole na kusema samahani bila kuwatazama. Siku ya tatu nilikuwa nanyoosha nywele za mwalimu mmoja, Shangazi akasimama ghafla katikati ya chumba. Kusimama kwake kulinitisha kuliko kutembea.

"Tunamtafuta mtu wa nini?" akasema. "Tulitafute gari."

Akatueleza, akiwa amechangamka. Karakanani faili la mtu linaweza kupotea na asijali yeyote. Faili la gari halipotei, kwa sababu bila hilo hupewi hata tairi. Na kila asubuhi, kabla gari halijatoka, dereva hukagua breki, mafuta na matairi, kisha hutia sahihi kwenye fomu ya ukaguzi. Hiyo ni kila mahali, awe dereva wa waziri au wa vitani.

Akampigia tena. "Zile fomu za asubuhi, ulikuwa unatia sahihi gani?"

"Yangu, Mama. Hii hii iliyo kwenye cheti cha ndoa." Halafu akashusha pumzi. "Mungu wangu. Jina nimelificha kote, pale hata sikufikiria."

Nilipiga kelele za furaha, nusura nimchome mwalimu wa watu sikio.

Kulipata faili lenyewe hakukuwa rahisi. Ghala la jeshi lilimpiga Shangazi danadana wiki mbili, njoo Jumanne, njoo Alhamisi, mhusika yuko likizo. Lakini makarani wa zamani wanajuana, na mmoja wao akaingia stoo mwenyewe na kutoka na majalada sita yenye vumbi. Gari namba saba, miaka sita, sahihi zaidi ya elfu moja na mia tano, zote za mkono mmoja. Shangazi alizipanga juu ya meza yangu, akaweka cheti cha ndoa pembeni, na hata mteja asiyejua kusoma vizuri aliona kwamba huyu ni yule yule.

"Peleka leo," nikamwambia.

"Bado. Nakala za mwaka wa nne na wa tano hazijagongwa mhuri."

"Shangazi, miaka minne ina mhuri. Peleka!"

"Faili pungufu haliondoki mezani kwangu. Likipelekwa pungufu linarudishwa, na likirudishwa linawekwa chini ya mengine yote. Nimeyaona hayo miaka thelathini na mmoja, wewe hujazaliwa."

"Watu wanaishi roho juu, wewe unangoja mhuri!"

Tuligombana mbele ya wateja bila haya. Alishinda, maana hajawahi kushindwa nyumbani kwake. Mhuri ulichukua siku kumi na tisa. Siku ya kupeleka alivaa gauni lake la kazini, akalibeba faili mikononi mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, asubuhi, saluni imejaa. Nililisoma mimi kwa sauti. Ombi limekubaliwa. Dereva, mkewe, wavulana wawili. Wanawake wakaanza vigelegele. Nikageuza ukurasa kumtafuta binti, nikasoma kimoyomoyo, na nikatamani nisingejifunza kusoma. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja siku sita kabla ya faili kupokelewa. Aombe mwenyewe, upya.

Shangazi aliichukua barua mkononi mwangu, akaisoma, kisha akafungua nakala yake ya faili. Cheti cha kuzaliwa cha binti kilikuwemo, safi kabisa.

"Nilikagua kama kina mhuri," alisema. "Tarehe sikuisoma."

Nilikuwa na maneno tele mdomoni, na yote yalikuwa ya kweli. Nikayameza. Nilimwonea hasira na huruma kwa pamoja, sikujua ipi itangulie.

Hakujificha nyuma ya sheria. Alimpigia dereva papo hapo. "Kosa ni langu, mwanangu. Faili lilikuwa linatosha. Nililikalia siku kumi na tisa." Tulisikia sauti ya mwanamke ikiuliza kuna nini, dereva akimjibu, kisha simu ikakatika. Siku nne haikupokelewa. Shangazi alitembea mpaka miguu ikavimba, na hakuna mteja aliyemtania.

Siku ya tano dereva alipiga mwenyewe. "Tunakuja wanne. Nikibaki mimi, ombi la wote linakufa. Binti mwenyewe ametuambia twende. Atabaki na bibi yake."

Walifika uwanja wa ndege saa nne asubuhi. Dereva alitoka wa kwanza, mfupi kuliko nilivyomdhania, akamwamkia Shangazi kwa mikono miwili. Wavulana walikuwa wanasinzia wamesimama. Mkewe alikuja nyuma yao, mwembamba, bahasha ya karatasi ameikumbatia kifuani. Shangazi alikuwa amekesha akipanga maneno yake.

"Mwanangu," akamwanzia mke wa dereva, "naomba radhi…"

"Usiniombe sasa, Mama." Hakupaza sauti. "Utaniomba siku mwanangu akitoka kwenye mlango huu. Nimebeba karatasi zake. Hiyo ofisi ya kupokea maombi inafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

Nikaingilia kati, nikasema nyumbani chakula kiko tayari, vitanda vimetandikwa, watoto wamechoka. Hakunitazama. Shangazi alifungua bahasha pale pale, akapekua karatasi kwa vidole vyenye haraka.

"Mbili hazimo," alisema.

"Zinakuja."

Shangazi aliifunga bahasha. "Twende."

Yule mama akatangulia kuelekea nje, ingawa hakujua gari letu liko wapi, na Shangazi akamfuata mbio.