Mimi Niliyekuja Jana

Nilipongezwa kwa kuuza nyumba yangu, na mimi sijauza hata msumari.

Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, hapa Mji wa Kale. Jirani yangu Hamdan alinishika mkono kwa furaha.

"Mabruk, Shamsudin! Nasikia nyumba ya marehemu mama umeshaiuza. Wahama lini?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Akanitajia na ofisi ya wakili, nyuma ya Biashara Street, ghorofa ya pili.



Niliendesha lori miaka kumi na tisa, mpaka presha ya macho iliponipofusha. Sasa ni giza tupu. Haya nayaandika kwa simu inayonisomea. Nyumba ile imeandikwa jina langu peke yake, na ndipo mahali pekee duniani ninapotembea bila fimbo.

Nikamwambia mke wangu, Bayan, kwamba nakwenda Marikiti kununua ndimu. Sikutaka kumtia hofu.

Nje alikuwa akinisubiri Chonga, dereva wa tuktuk anayenibeba siku zote.

"Marikiti, mzee?"

"La. Kwa wakili. Na usimwambie mtu."

Karani alikuwa binti mmoja, Cynthia, mwenye sauti ya upole.

"Shamsudin Gharib alikuja jana," akasema. "Ameshasaini. Leo saa tano anakuja kuchukua nakala zake, halafu tunamaliza."

"Shamsudin Gharib ni mimi."



"Naomba kitambulisho, mzee."

Nikatoa pochi. Kadi ilikuwa palepale, mfuko wa kushoto, ninapoigusa kwa kidole kila siku. Nikampa kwa madaha kabisa.

"Mzee, hii ni kadi ya supamaketi."

Ukubwa uleule, ulaini uleule. Tangu lini nilikuwa napapasa kadi ya supamaketi na kujiona niko salama?

"Basi leseni ya udereva," akasema.

"Leseni ya nini, binti yangu? Mimi sioni."

"Yule wa jana alileta zote mbili. Hata gari aliendesha mwenyewe, akalalamika hapana pa kuegesha."

Leseni ile niliitupia kabatini siku niliyoacha lori. Mtu ameingia kabatini mwangu.

Chonga, aliyenipandisha ngazi, akashindwa kuvumilia. "Mimi namjua huyu mzee! Miaka sita!"

"Unamjua kwa karatasi gani?" Cynthia akamuuliza, bila ubaya. "Picha ni ya miaka ishirini iliyopita, na yule wa jana anafanana nayo. Huyu ana ndevu nyeupe. Nimwamini nani?"

Niliona uchungu ambao sikuuona hata siku daktari aliponiambia basi tena. Macho yameondoka, sasa na jina linaondoka.

Nikamwomba jambo moja: aniache nikae nyuma ya mlango hadi saa tano, asiseme neno. Akakubali. Nadhani hofu yangu ilikuwa imeshamwingia.

Tukangoja.

Saa tano na dakika chache, viatu vikapanda ngazi. Mlango ukafunguka, harufu ya mafuta ya haludi ikanipita.

"Mimi Shamsudin. Nimekuja kwa zile nakala."

Ile sauti!

Kwetu mdogo hampiti mkubwa wake bila kumbusu mkono. Tumelelewa hivyo, tunafanya bila kufikiri. Nikanyoosha mkono, kiganja chini.

"Sabalkheri," nikasema.

Akageuka. Midomo ikagusa mkono wangu.

"Sabalkheri, kaka."

Kisha akakumbuka yuko wapi.

Alikuwa Abdulhadi, mdogo wangu wa tumbo moja, anishikaye mkono kila Ijumaa kwenda msikitini.

"Kama wewe ndiye Shamsudin," Cynthia akasema polepole, "huyo kaka yako ni nani?"



"Abdulhadi," nikamwambia, "pochi yangu hulala chini ya mto, chumbani. Wewe huingii chumbani mwangu. Kadi umeipataje?"

Akateremka ngazi mbio. Cynthia akasimamisha kila kitu palepale, akapiga simu polisi.

Nikarudi nyumbani bila ndimu. Bayan alifungua mlango kabla sijabisha.

"Haya, wakili asemaje?"

Nilikuwa nimemwambia nakwenda Marikiti.

"Asema Shamsudin ndimi mimi," nikamjibu.

Akaniwekea chai mbele yangu. Sikuinywa.

Kitambulisho changu kipya nimekishonea mfuko wa kitambaa wenye kifungo, nauvaa shingoni hata nikilala. Na wewe usiyeona kama mimi, nakusihi: usimwachie mtu mmoja peke yake awe macho yako. Waombe wawili watatu, na wasiwe wa nyumba moja.