Mnara wa Pisa Haupandwi na Mwanafunzi

Cora aliondoka Bologna Jumamosi asubuhi akiwa amejiandaa kusema sentensi moja tu: nataka kuacha chuo. Aliirudia kimoyomoyo kwenye treni mpaka Firenze, akabadilisha treni, akairudia tena mpaka Pisa. Wa kwanza kuambiwa alitaka awe kaka yake, kwa sababu Canio akisema sawa, hata baba angenung'unika siku mbili tatu kisha akasema sawa.

Jina lake kamili ni Incoronata, yaani aliyevikwa taji. Mama yake alimpa kwa nadhiri aliyomwekea Bikira Maria, na mwenye jina amekuwa akilikwepa tangu shule ya msingi. Kwao ni kijiji cha milimani huko Basilicata, ambako vijana wakimaliza shule hupanda basi kwenda kaskazini, kisha hurudi Krismasi wakiwa wamenenepa au wamekonda, na kijiji kizima kikakaa kikao juu ya hilo. Canio alitangulia kwenda Pisa kusomea udaktari. Tangu siku ile mama yao akienda kununua mkate haulizwi habari za nyumbani, anaulizwa habari za daktari. Cora alipofika umri wake akaenda Bologna kusoma sheria, na kijiji kikasema vizuri, familia ile sasa itakuwa na vyote viwili.

Watu wa Bologna si wabaya, tusiwasingizie. Watakusalimu, watakuuliza umetoka wapi, na ukiwaambia watasema aa, kule kuna jibini nzuri. Basi, mazungumzo yameishia hapo. Cora alikuwa akilala chumba kimoja na msichana wa Rimini aitwaye Sibilla, ambaye kila Ijumaa alifungasha nguo chafu akaenda kwao kufuliwa na kupikiwa. Nyumba ilibaki na Cora na jokofu. Alikula tambi amesimama, sufuria mkononi, kwa kuwa kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia uchungu. Kati ya Ijumaa na Jumatatu neno pekee alilotamka kwa binadamu lilikuwa asante, tena kwa mwanamke wa dukani asiyeinua macho. Mwaka wa kwanza alijikaza kisabuni. Huu ulikuwa wa pili, na sabuni ilikuwa imeisha.

Canio alimpokea stesheni.

"We, umekonda!"

"Na wewe umenenepa."

"Hii ni akili, imeshuka tumboni. Lete mkoba."

Akaunyakua mkoba na kuutupia begani kama mtu aliyezoea kubeba, wakavuka mto. Kwenye baa ya kona wakasimama kunywa kahawa. Mwenye baa, mzee mmoja aitwaye Oreste, alipomwona Canio akapaza sauti.

"Daktari! Leo na mchumba?"

"Dada yangu huyu, Oreste. Chunga mdomo."

"Ala, dada wa daktari! Basi samahani. Daktari, goti langu hili, mvua ikinyesha—"

"Nenda hospitali."

"Niende hospitali nami daktari ninaye hapa bure?"

Waliokuwapo wote wakacheka. Canio hakucheka. Aliinywa kahawa kwa funda moja, akalipa, akatoka, na Cora akatoka nyuma yake ulimi umeungua.

Siku nzima alimtembeza. Alimwonyesha uwanja wa mashujaa wa zamani, makanisa, soko la mboga. Alimnunulia cecina ya moto ndani ya mkate, ile chapati ya unga wa dengu inayochafua vidole mafuta, na wakaila wakitembea. Kila Cora alipofungua mdomo, Canio alinyoosha kidole: tazama dirisha lile, tazama sanamu ile, kule alizaliwa fulani. Alieleza vizuri ajabu, bila kukosea mwaka hata mmoja, na bila kumtazama dada yake usoni. Jioni ilipoingia akasema ana zamu hospitalini.

"Jumamosi jioni?"

"Wagonjwa hawajui Jumamosi. Ufunguo huu hapa. Chakula kipo kwenye jokofu."

Hata Pisa, basi, alikuwa ameachiwa jokofu. Badala ya kulikabili alikwenda kutembea kando ya mto. Ilikuwa saa ile ambayo mji mzima hutoka kujitembeza bila pa kwenda, wanawake wameshikana mikono, wazee wamefunga mikono mgongoni, watoto na aiskrimu zao hata kama ni Novemba. Cora alikwenda mpaka daraja la mwisho akarudi. Hakuna aliyempisha wala kumgonga. Waligawanyika mbele yake, wakaungana tena nyuma yake. Alitamani mtu yeyote, hata mlevi, amuulize saa ngapi. Akajiambia kesho, liwe liwalo, atasema.

Kesho yake Canio alikuja na tiketi mbili.

"Zawadi. Tunapanda mnara."

Cora alidhani anataniwa. Mgeni atoke Ujapani aupande, sawa. Lakini mwanafunzi wa Pisa hapandi mnara ule ulioinama kabla hajahitimu, kwa sababu akipanda hatahitimu kamwe, na hilo linajulikana kama vile inavyojulikana kwamba moto unaunguza. Bologna nako wana mnara wao na mwiko huohuo. Cora alikuwa hata kivuli chake anakizunguka.

"Canio, acha utani."

"Utani gani? Nimelipa."

"Unajua ninachosema."

"Mambo ya kitoto hayo. Twende, foleni inasogea."

Alikwenda naye mpaka karibu na mlango. Na hapo akajiuliza swali la haki kabisa: mtu aliyekuja kutangaza kwamba anaacha chuo, anaogopa nini? Si ndiyo nafasi yenyewe? Angepanda, angeshuka, na mambo yangekuwa yamekwisha bila hotuba. Akainua mguu. Mguu ukagoma. Alisimama palepale, watu wakimsukuma kwa nyuma na mlinzi akimpungia mkono apite, na ghafla akatambua kwamba anakitaka chuo. Anaitaka ile sheria, vitabu vyake vizito vyote, na ile siku ya kuhitimu, ya kuvishwa taji la majani kichwani. Asichokitaka ni zile Ijumaa.

"Nenda wewe," akasema, akatoka kwenye foleni.

Canio akaenda. Alipanda bila kugeuka, kwa hatua za mtu anayepanda kwenda chumbani kwake. Cora akakaa kwenye nyasi, katikati ya watu walionyoosha mikono hewani wakipigwa picha za kuuzuia mnara usianguke. Wazo lilimjia polepole, kisha likamkaa kifuani likakataa kuondoka. Mwanafunzi hapandi. Canio amepanda.

Aliposhuka alikuwa anahema na kutabasamu. Cora hakumpa nafasi.

"Tangu lini?"

Canio hakujifanya haelewi. Tabasamu lilimtoka, akakaa kando yake.

"Mtihani wa anatomia ulinishinda. Nikarudia, ukanishinda. Nikasema nipumzike muhula mmoja tu. Mihula nayo inajuana, ukiuacha mmoja inaondoka yote."

"Na zamu za hospitali?"

"Hoteli, karibu na stesheni. Nabeba masanduku. Wageni wakiuliza cha kuona, nawaeleza."

"Na nyumbani unawaambia nini?"

"Wanachotaka kusikia. Kwani wewe unawaambia nini?"

"Nilikuja kukuambia nataka kuacha chuo," Cora akasema.

"Kumbe! Sasa si ungepanda?"

"Miguu imekataa."

Wakacheka, kicheko kibaya cha watu wawili walionaswa wakiiba. Kabla hakijaisha, simu ya Cora ikalia. Alikuwa mama. Canio akainyakua mkononi mwa dada yake.

"Mama! Ndiyo, yuko hapa, anakula vizuri. Mimi? Sijambo. Nakula, nalala. Masomo yanakwenda. Hapana, mama, usihangaike, niko sawa kabisa."

Sauti ilikuwa changamfu, haina hata ufa. Cora alisikiliza akayatambua, maneno yale yalikuwa yake. Nakula, nalala, usihangaike. Yeye pia huyasema kila Jumapili, kwa sauti ileile, sufuria ya tambi mkononi. Aliona jinsi uongo unavyoanza, na akaona unakomfikisha mtu. Alimwonea kaka yake huruma kuliko alivyowahi kujionea mwenyewe.

Canio akamrudishia simu.

"Na wewe, Cora wangu?" mama akauliza. "Bologna vipi?"

Nzuri, mama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Mama, kule niko peke yangu. Ijumaa mpaka Jumatatu sizungumzi na mtu. Sitaki kuacha chuo. Ila siwezi tena kukwambia niko sawa."

Kwenye simu ulisikika mchuzi wa Jumapili ukitokota, mchuzi ambao nyumbani kwao hubandikwa alfajiri na mama haupi kisogo hata padri akibisha hodi. Canio alikuwa ameinamisha kichwa, anang'oa nyasi moja moja.

"Ngoja kwanza nizime jiko," mama akasema. "Nataka nikae chini. Na kaka yako asiondoke hapo."