Fundi Anadhani Gari Langu Limemshinda

Admin, ficha jina langu, na rangi ya gari usiitaje kabisa. Lodwar ni mji mdogo na watu wake wana macho.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tatu, dereva mstaafu. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wako Nairobi na Eldoret. Jumapili wananipigia, "Baba, umekula?" nasema nimekula, simu inakatwa. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya wiki nzima. Waliosema upweke ni uvundo hawakukosea. Kuna siku nilijikuta nikimsalimia mbuzi wa jirani, "Ejok!" halafu nikangoja ajibu.

Nina gari dogo la turbo, la gia za mkono. Aliyelipenda ni mke wangu. Tulikuwa tukienda nalo Kalokol kununua samaki, na pale barabara ilipo nzuri nikikanyaga mafuta, turbo inapiga mluzi, yeye anacheka na kushika kitambaa cha kichwa. Tulipomzika nililiegesha uani, nikalifunika turubai. Nimeendesha magari miaka thelathini, nilijua vizuri kwamba gari likikaa linaoza. Nililiacha lioze.

Mwaka huu binti yangu akaniambia nilitengeneze au niliuze. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa kambi ya Kakuma, mkimbizi kutoka Kongo, mtu wa miaka arobaini hivi. Nitamwita Bahati, si jina lake. Kila akija Lodwar ni lazima kwanza aombe kibali cha kutoka kambini, na alikuwa anakiomba.

Siku ya kwanza alikanyaga klachi, pedali ikaenda chini na kubaki hukohuko. "Papa, hii gari ililala sana," akasema. Raba za klachi zilikuwa zimekaushwa na joto la kwetu, pleti imeshikana kwa kutu, gia haziingii. Oili nayo ilivuja juu ya injini na pale kwenye turbo. Akaingia chini ya gari, kichwa juu ya jiwe. Nikamwonea huruma nikampa ekicholong yangu, kile kigoda cha mbao ambacho sisi wanaume wa Kiturkana hukalia mchana na kuegemeza kichwa tukilala. Mtu haazimi ekicholong yake ovyo. Sijui hata nini kilinifanya niitoe. Akaiweka chini ya shingo, akacheka, "Papa, hii ni hoteli!"

Alikuja Jumamosi tatu. Aliteremsha gia boksi, akaibandua pleti, akabadilisha raba na gasketi. Tulikunywa chai, tukala nyama ya mbuzi. Alinisimulia kuhusu mama yake, nami nikamsimulia kuhusu mke wangu mambo ambayo hata watoto sijawaambia. Jumamosi ya nne aliwasha injini, tukaweka katoni chini ya gari, tukangoja. Katoni ikatoka kavu. Klachi laini kabisa. "Papa, kazi imeisha," akasema, akanawa mikono, akaenda. Ua ulinyamaza hadi nikasikia redio ya nyumba ya tatu.

Sasa dhambi yangu ni hii. Asubuhi yake nilichukua spana nikalegeza bolti ya paipu inayopeleka oili kwenye turbo. Kidogo tu, si hata nusu mzunguko. Nikawasha gari, matone yakaanza kudondoka kwenye katoni. Nikampigia simu: "Fundi, linavuja tena." Jumamosi akaja.

Nimefanya hivyo mara nne. Mara ya pili alibadilisha washa ya hiyo bolti, mara ya tatu paipu nzima. "Papa, mi nilikaza hii kwa mukono yangu. Ni nini inalegeza?" Nikamjibu, "Labda ni mtikisiko." Mungu anisamehe, nilisema hivyo huku nikimmiminia chai.

Jumamosi iliyopita, mara ya nne, alikuja, lakini hakucheka. Kumbe kuna tajiri mmoja Msomali pale Kakuma aliyetaka kumkabidhi malori yake yote ayatunze. Amesikia habari ya gari langu. Akamwambia Bahati, "Gari ndogo ya mzee imekushinda, lori yangu nikupe ya nini?" Amempa hadi Ijumaa hii gari langu liwe limepona, baada ya hapo anachukua fundi mwingine. Bahati alikaa kwenye ekicholong yangu, ameinamisha kichwa. "Papa, labda ni mimi njo sijue kazi tena. Kwetu nilipoteza nyumba, nilipoteza ndugu. Kazi tu njo ilibakia."

Nikamjazia chai. Bahati akaikaza bolti, akachukua rangi nyeupe na kuchora mstari mwembamba kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma inachofungiwa. "Mustari ikivunjika, tutajua inageuka."

Tangu siku hiyo sijaigusa. Kila asubuhi nafungua boneti naangalia. Mstari mzima, katoni kavu, ila hilo sijamwambia. Jana alinitumia sauti kwenye simu: anaomba kibali tena, Jumamosi ateremshe injini yote hata kama malori yatakuwa yamempita, na akishindwa anaacha ufundi.

Nikimpigia tajiri na kumweleza ukweli, Bahati atapata malori, nami najua sitamwona tena uani kwangu. Nani atarudi kwa mzee aliyemfanyia hivyo? Nikinyamaza, Jumamosi atakuja, tutakunywa chai, na ndiyo nitakuwa nimemmaliza.

Ekicholong yangu imebaki na doa la oili pale anapoegemeza kichwa. Nimejaribu kulisugua, halitoki, na moyoni sitaki litoke.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini nishaurini pia. Ijumaa ni kesho kutwa. Namwambiaje mtu kwamba nilimharibia jina kwa sababu nilitaka anywe chai na mimi?